Bibi Akasema Goti

Mwenzangu, natangaza rasmi: leo nimefichua njama hospitalini. Basi, nilidhani ni njama.

Bibi alikuwa anarudishiwa kizazi kilichoshuka, kwa matundu madogo tu tumboni. Nesi akamuuliza, “Bibi, leo unafanyiwa nini?” Daktari wa usingizi, swali lilelile. Sasa hawa hawajui wanachopasua?

Nikamnong'oneza Bibi: “Akiuliza mwingine, sema goti, tuone.”

Mlangoni pa chumba cha upasuaji, daktari mpasuaji akauliza. Bibi akasema goti. GOTI!

“Simamisheni kila kitu,” daktari akasema. “Haingii ndani mpaka nijue nampasua nani na wapi; ndiyo maana tunauliza kila mara.”

Na Bibi kausubiri upasuaji huu miezi mingi! Akanikazia macho. “Wewe, sema mwenyewe.”

Nikasema. “Ni mimi, daktari. Nilidhani mnauliza tu, hamsikilizi majibu.”