Mkeka wa Mjomba Haukubaki Mtupu

Mama Zuhura, mke wangu Mwaisha, mwaka umetimia tangu presha ikuchukue, na nyumba hii imepoa. Asubuhi bado nachemsha chai ya watu wawili. Najiambia, mzee mzima, acha ujinga. Kesho yake nachemsha tena.

Majirani walikucheka ulipoacha genge lako la ndizi na viungo, mvi kichwani, ukaenda chuoni kusomea kazi ya kuwasaidia waraibu wa unga na familia zao. Mimi ukanigeuza darasa. Jioni unanikalisha kwenye kigoda: "Leo wewe ndiye mraibu. Haya, niambie kinachokusumbua." Nasema kinachonisumbua ni njaa. Hucheki. "Sema tu, baba Zuhura. Mwalimu kasema nisikukatize." Wewe tena, uliyekuwa unaongea kama cherehani, ukajifunza kunyamaza ili mtu aseme yake. Siku hizi naongea peke yangu humu ndani, na hakuna wa kuninyamazia.

Kaka yako Pazi alikuwa kijiweni, unga umemmaliza. Mtaani hata watoto walishaacha kumwamkia. Ukamfuata kulekule, ukakunja goti mbele ya wenzake: "Shikamoo kaka." Alilia siku ile. Baadaye ukawa unamsindikiza kliniki kila asubuhi akanywe dawa, mpaka akazoea kwenda mwenyewe.

Ukoo ukasema posa ya binti yetu Zuhura ipokelewe na mtu mwingine, wasije wakaaibika. Ukakataa katakata. "Sisi Waluguru mtoto ana mjomba wake, na posa hupokelewa na mjomba. Pazi yu hai, kwenye mkeka wake hakai mwingine!" Ukafariki posa haijaja, na mafunzo ya vitendo hujayamaliza. Pale msibani wote tulinong'ona: dada mtu kaondoka, huyu anarudi kijiweni. Niliogopa, Mwaisha.

Hakurudi. Mwezi uliopita wageni walifika kwenu Matombo. Pazi kaoga, kavaa kanzu, kakaa kwenye mkeka wake, kapokea posa ya mwanao bila kutetemeka sauti. Zuhura akamkunjia goti: "Shikamoo mjomba." Nilitamani uone. Niliumia sana kwamba huoni.

Wageni walipoondoka akanisogelea. "Shemeji, nimeongea vizuri?"

Nikageuka kukutafuta unijibie. Naye akageuka. Tukabaki tunautazama mlango wa jikoni, watu wazima wawili.

Unakumbukwa na mumeo Hafidhi, mwanao Zuhura na mchumba wake Hamza, kaka yako Pazi, mdogo wako Mwanvita, wanachuo wenzako, na wale wa kijiweni waliokuita dada.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Siku zote tutakukumbuka, Mwaisha, na chai yako nitaendelea kuichemsha.