Uso wa Manjano Mbele

Kijiji cha Etinkem,
12 Januari 1958.

Mpendwa Kaka Agbor,

Pokea salamu zetu huko Calabar. Kile kifua kimepoa? Sisi tunapumua tu. Mama anapika kila siku, ila chakula hakimpiti kooni.

Kaka, jikaze. Mdogo wetu Ojong ameuawa.

Unaujua ugomvi wetu na watu wa ng'ambo ya kijito juu ya shamba la kakao. Tulikubaliana tukutane kijitoni Jumamosi, tupatane. Ojong avae kile kinyago ulichochonga wewe: uso wa manjano wa mwanamke mbele, ule mweusi wa mwanamume kisogoni. Manjano ikitangulia ni amani, mweusi ukitangulia ni vita. Hata mtoto anajua.

Mimi ndiye niliyemvika. Nilipokaza kamba kidevuni akapiga kelele, "Taratibu, kaka! Hicho ni kichwa, si mzigo wa kuni!" Tukacheka. Nikailegeza. Laiti ningejua!

Akashuka akicheza na kuruka, nami nyuma yake. Mara nikaona yule mwanamke wa manjano ananitazama mimi! Kinyago kilikuwa kimezunguka. Nikapiga ukelele, ngoma zikanizidi.

Wale wa ng'ambo wakaona meno ya yule mweusi. "Wametuletea vita, mbwa hawa!" Ojong alikuwa ametandaza mikono awakumbatie. Panga la kwanza lilimkata bega, la pili shingo. Tukawarukia. Mimi mwenyewe nilimpasua mtu fuvu kwa jiwe, kaka, na jina lake silijui. Kijito kiligeuka chekundu. Kwetu wamekufa wanne, kwao watano.

Sasa vijana wamenishikia bango: "Kivae wewe, Ayuk! Mweusi mbele, tukawamalize! Au unaogopa?" Nimekubali kukivaa. Wanadhani nimekubali yote. Nitashuka peke yangu kesho alfajiri, kabla hawajaamka, manjano mbele. Wa ng'ambo wakinikata, basi. Nimechoka na damu, na hii ya Ojong iko mikononi mwangu.

Nisalimie shemeji Ebangha na watoto. Mungu akulinde, na akulete umwone Mama.

Kamba mpya ya kinyago amesokota Mama, hakuniuliza ya nini. Nitaikaza mpaka inikate kidevu.

Ndimi nduguyo nikupendaye,
Ayuk