Mbwa wa Bi Maureen

Troyeville, Johannesburg
Jumapili, tarehe 13 Julai

Dada yangu Raya,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Nataraji barua hii itakukuta goti limepoa, shemeji Mcha kikohozi kimemwacha, na watoto wote wazima. Mimi mwili wangu hauna neno. Ni baridi tu inayonipasua vidole, hata kuishika kalamu hii ni kazi.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nampa bwana mmoja wa Paje anayerudi Jumatano. Simu nimeishika mara tatu wiki hii, nikaiweka chini. Nikikupigia huwa unaifungua sauti nyumba nzima inisikie, nami nafurahi kuwasikia wote, lakini haya ya leo hayasemeki mbele ya nyumba nzima. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Kipupwe cha huku si kama chetu cha kujifunika kanga mbili. Asubuhi majani yote ni manjano, na umande juu yake umeganda mweupe, ukikanyaga unalia kama chumvi ya mawe. Mbingu haina wingu hata moja, jua linawaka, na bado mtu unatetemeka. Watu hawasimami njiani. Kila mtu ameingiza kichwa kwenye kofia ya sufu na anakwenda zake.

Najua umeshasikia kutoka kwa kina Pandu kwamba nimehama Fordsburg, na kwamba nimehama kwa sababu ya mbwa. Ni kweli. Lakini nataka uyasikie kwangu, tangu mwanzo.

Yule bibi wa Kizungu niliyekutajia, Bi Maureen, nilikwenda kwake miaka sita iliyopita kupaka rangi mlango. Mlango ukazaa dirisha, dirisha likazaa bustani, nikawa mtu wa pale kila siku isipokuwa Ijumaa na Jumapili. Ni mjane, ana miaka themanini na minne. Alikuja huku kijana na mumewe, wakitoka kaskazini ya Uingereza, kwenye kijiji cha vilima na kondoo. Alikuwa akinihadithia kwamba Disemba kwao kiza kinaingia saa kumi alasiri, na watu wanatembea mashambani matope yakiwafika magotini, mvua ya barafu usoni, mbwa mbele, na wanaita hiyo starehe. Mimi nilikuwa nawaza tu wenzetu wanaokaa kule wanavyokimbizana na sala, adhuhuri, alasiri na magharibi zote zikiwa mlangoni pamoja.

Mbwa wake akiitwa Bess, jike, mweusi mwenye kifua cheupe, wa kizazi cha wale wanaochunga kondoo. Kila asubuhi wawili hao walipanda kilima cha mawe kilicho nyuma ya mtaa, majira yote. Miye nilikaa naye mbali. Unajua tulivyolelewa. Nilikuwa na ndoo ya mchanga karibu na bomba la nje, akinigusa kwa pua nanawa mara saba kama tulivyofundishwa. Bi Maureen miaka miwili mizima alidhani ule mchanga ni wa maua.

Kipupwe cha mwaka jana Bi Maureen alianguka jikoni, akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali hakuweza tena kilima. Akaniomba nimtoe mbwa. Sikutaka, Dada, lakini mtu mzima alikuwa ananiomba kwa machozi. Nikatafuta kamba ndefu, nikavaa glavu na koti la mvua siku ya jua kali, tukatoka, mimi huku na mnyama kule, kama watu waliogombana.

Sasa nitakwambia jambo la ajabu. Nina miaka kumi na sita katika mji huu, na njiani hakuna aliyepata kunisalimia ila mtu anayeuza kitu au anayetaka kuona karatasi zangu. Siku ile ya kwanza nilisalimiwa mara tano. Mzee mmoja aliinama akamkuna Bess masikio, akamuuliza kwa Kiingereza ameamkaje. Mama mwenye duka dogo la pembeni, huku wanaliita spaza, alitoka na mfupa. Wote wanamjua jina. Langu hakuna aliyeuliza, lakini walau nilikuwa nimesimama pale salamu zilipokuwa zikipita. Nikaanza kuingoja asubuhi.

Mwezi wa Machi mwaka huu Bi Maureen akaanza kusahau moto jikoni. Mwanawe aliye Kanada akampeleka kwenye nyumba ya wazee, ambako wanyama hawaruhusiwi. Akanipigia mimi simu, akasema kwa upole kwamba nyumba itauzwa, mbwa ameshazeeka, hakuna wa kumchukua, basi nimpeleke kwa daktari wa mifugo akachomwe sindano ya kulala moja kwa moja. Alisema daktari ameshaarifiwa.

Nikampeleka. Tulikaa kwenye benchi baina ya mtu mwenye paka kikapuni na mama mwenye kasuku. Bess ameniegemea mguu, na siku hiyo sikuwa na glavu. Dada wa mapokezi akatoka na fomu, akauliza, “Mwenyewe nani?”

Nikasema, “Mimi.”

Nilikusudia kusema mimi ndiye niliyetumwa. Lakini neno lilishatoka, naye akaniuliza jina, akaandika Vuai. Nikamwambia basi hatuchomi leo. Tukaondoka, tukatembea mpaka Fordsburg kwa miguu, tukisimama kila penye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani.

Pandu tumekaa chumba kimoja miaka tisa. Ameniuguza, nimemuuguza. Alipomwona Bess kwenye ngazi alidhani amenifuata tu. Nilipomweleza alitoka kwenda kusali isha, aliporudi akasema, “Vuai, chagua. Mimi au huyo.” Nilimwambia mbwa atakaa uani. Akasema hapa hakuna ua. Na kweli hapakuwa na ua. Sikumlaumu, na sasa simlaumu.

Ndipo nikaja huku Troyeville, kwa fundi cherehani wa Kikongo aitwaye Mama Marthe, anayepangisha kibanda nyuma ya nyumba yake. Ni mtu wa kanisani, maneno machache. Bess nilimtengenezea pahala pa kulala nje ya mlango wangu, kwa magunia. Baridi ilipoanza kukaza, Mama Marthe akanigongea na kuniambia, “Baba Vuai, mnyama anaganda. Mungu anaona.” Nikamwingiza ndani, nikatandika msala pembe ya pili. Umeshajua sasa.

Kila Jumapili tulikwenda kwenye nyumba ya wazee. Wakimleta Bi Maureen kwenye kiti cha magurudumu mpaka uzioni, anaingiza mkono baina ya vyuma. Bess alimtambua kila mara. Mimi mara nyingine ananiita kwa jina la marehemu mumewe.

Alhamisi iliyopita Bess hakumaliza kilima. Alikaa chini penye jiwe kubwa, akaniangalia kama mtu anayeomba radhi kwa kukuchelewesha, akalaza kichwa kwenye baridi ile. Nilimfunika koti langu. Nilingoja kidogo, kisha nikajua. Nikambeba mpaka nyumbani, na njiani watu waliniuliza amekuwaje, na mimi nikapita. Mama Marthe aliniruhusu nichimbe uani kwake. Ardhi ilikuwa ngumu, nilianza na sururu jua likitoka Ijumaa, nikamaliza karibu na adhuhuri. Nilimwambia mbwa hasomewi. Akasema anajua, lakini alijifunga kitenge kichwani akasimama pale mpaka udongo ulipokwisha.

Leo nimekwenda kwa Bi Maureen peke yangu. Akauliza Bess yuko wapi. Nikasema amebaki ndani, baridi imezidi, Jumapili ijayo inshallah. Akaridhika, akatabasamu. Nami nikasikia sauti yangu nilivyosema vile, tulivu, haina hata mkwaruzo. Ni sauti ile ile niliyokusemea wewe kwenye simu wiki ya nikaha.

Dada, hakuna aliyenizuilia karatasi zangu.

Ulikuwa umeshamposa Bi Kazija kwa niaba yangu, umeshawaalika watu wa Jambiani, na nikaha imepangwa Ijumaa ya pili baada ya Iddi. Nikakupigia Jumatano nikasema uhamiaji wamekamata pasi yangu. Uliwalaani siku ile, na mimi nikakuacha uwalaani. Pasi ilikuwa mfukoni. Nilikuwa uwanja wa ndege, nimeshapita ukaguzi, begi mapajani, kanzu mpya ndani yake. Bess nilikuwa nimemwacha kwa Mama Marthe, naye alikubali kukaa naye hata miezi mitatu. Usidhani ni mbwa aliyenirudisha. Ingekuwa rahisi kumsingizia, na sasa hayupo hata kukanusha.

Niliogopa. Walianza kuita abiria, na mimi nikaona ile nyumba imejaa, mikono ya kushikana, watu wakiniuliza mbona umekonda. Halafu nikaona asubuhi baada ya wageni kuondoka: mwanamke mwema ananimiminia chai, ananiuliza nimelalaje, na mimi sina la kumjibu. Miaka kumi na sita sijaulizwa. Nilihisi atanifungua kama mlango, akute chumba kitupu. Foleni ikaisha. Dada wa shirika akaniangalia, nikatazama chini. Alasiri nilikuwa kibandani kwangu, nimekaa kitandani na viatu.

Nilidhani nimejikinga na kitu. Lakini Alhamisi, nilipokuwa nimepiga magoti penye lile jiwe, nilitaka kumwambia mtu, na katika watu wote wa duniani aliyenijia kichwani ni Bi Kazija, ambaye sijapata kumwona uso kwa uso. Mara mbili tu tulizungumza kwenye simu. Mara ya pili aliniuliza huku watu wanajifunika nini.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Nenda Jambiani mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie aliyemvisha aibu mbele ya wageni si serikali, ni Vuai, na hakuzuiliwa na yeyote. Simwombi aningojee. Kama amepata mwengine, namtakia kheri kwa moyo mmoja. Kama hana hamu ya kusikia jina langu, ni haki yake, nawe usimshawishi. Lakini akisema nipige simu, nitapiga, na akiniuliza nimelalaje nitajaribu kusema kweli.

Nawe nisamehe, Dada. Ulipika chungu kizima kwa ajili yangu.

Nisalimie shemeji Mcha, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na majirani wote wanaonikumbuka. Mama Marthe anakusalimu ingawa hakujui. Mwenyezi Mungu awahifadhi.

Ni mimi mdogo wako,
Vuai