Sababu ya Wali na Kuku, Mbamba Bay

Dada Zawadi, shikamoo yako naitanguliza isije ikanyeshewa njiani.

Mimi niliyekula Lusaka na Nairobi nimeshindwa na jiko moja huku ziwani. Watafiti wamenipa kazi nyepesi: nikae kwa Mama Tumaini, kila mlo nimwulize kwa nini amepika chakula hicho. Ni bei, afya, ladha au mazoea? Halafu naweka alama. Basi tangu nifike ni wali na kuku, wali na kuku! Ziwa liko mlangoni, samaki sijamwona. Nikamwuliza sababu.

"Wewe," akasema.

"Mama, mimi simo kwenye majibu."

"Mwanangu, sisi tunakula ugali wa muhogo na usipa, hawa dagaa wetu. Nikimpa mgeni hivyo, majirani watanionaje?"

Kumbe siku zote napima tumbo langu mwenyewe! Na bandani amebaki tetea mmoja tu, yule anayetaga. Nikatumia akili ya mjini ili nimwokoe: nikasema daktari amenikataza nyama, nipewe usipa kama wao.

Mama akanishika paji la uso, akapaza sauti: "Tumaini! Kamata yule tetea! Mgeni anaumwa, anahitaji supu!"

Supu ndiyo hii mbele yangu, tamu ajabu, na mama amesimama anangoja nimalize. Alama sijui niweke wapi, kichwa kinaniuma kweli sasa.

Mungu akutunze wewe na wapwa zangu wadogo. Nikirudi nipikie chochote, dada, ila usinifanye mgeni.

Mdogo wako, Kasimu