Joho la Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Novemba
Tenda ya majoho ya mahafali ya chuo imeangukia karakana yetu! Mia tatu na ushee, na mmoja wa watakaovaa ni mwanangu. Nimewaambia mafundi wote, hata ambao hawakuuliza. Digrii ya hesabu! Si kujumlisha bei za vitunguu — hesabu zenye herufi ndani. Mpiga pasi kauliza, mtu akishasoma hesabu anafanya kazi gani, si ualimu tu? Nikamjibu kama binti alivyonieleza: benki, hali ya hewa, hospitali wajue vitahitajika vitanda vingapi. Na bima! Kule wanapiga hesabu watu wataishi miaka mingapi. Akasema basi anipigie na yangu, nijue kama ninunue viatu vipya. Tulicheka mpaka msimamizi akagonga meza.

Wananiita Mama Profesa. Naitika.

Jumatano, 5 Novemba
Orodha ya vipimo imeletwa. Nimeomba mimi kushona ya Hesabu, nani mwingine? Majina kumi na manne. Nimepitisha kidole mara tatu. La mwanangu halimo.

Labda limerukwa. Nimeangalia Fizikia. Nimeangalia hata Kilimo — yeye na kilimo wapi na wapi!

Sijamwambia mtu. Nimeunga mkono wa joho ndani nje, nikafumua.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimempigia simu saa ya chakula. Nikazunguka kwanza: unakula? Unalala? Kisha, hivi mwanangu, vipimo vya joho ulishapeleka? Kasema ndiyo mama, siku nyingi, mabega na urefu. Sauti ya kawaida kabisa. Hiyo ndiyo inayonitisha. Alipokuwa mdogo akivunja kikombe ananiletea vipande mwenyewe.

Wala hakuuliza kwa nini nauliza.

Jumatatu, 10 Novemba
Orodha ya nyongeza. Majina sita, wa Hesabu hata mmoja hakuna.

Nilikuwa bado nimeikodolea macho, msimamizi kaniita mbele ya watu: Mama Profesa, la binti yako lishone mwenyewe, usimpe mtu. Ni namba ngapi? Cherehani zote zikanyamaza. Ningesema nini? Nikasema kumi na tano. Hakuna kumi na tano! Kaandika tu, hakuhesabu.

Nimekata kitambaa. Vipimo vyake ninavyo kichwani.

Jumatano, 12 Novemba
Nashona joho la mtu asiye kwenye orodha. Kila mguu wa msimamizi ukisogea nadhani kagundua.

Mwaka jana aliwahi kuniambia, mama, usiwaambie watu sana, kuna somo moja linanishinda, la kuthibitisha kanuni za hesabu. Nimelirudia na bado. Nikamwambia acha unyenyekevu, kichwa chako mashine! Akaanza, lakini mama... Nikaendelea kuongea mimi. Najijua.

Ujumbe wake wa leo: Ijumaa nakuja hapo kazini, nina jambo. Nimeusoma mpaka simu imezima.

Ijumaa, 14 Novemba
Kaja saa nne asubuhi. Amekonda! Hata sijamshika mkono, mpiga pasi kashalitoa joho kwenye hanga — Profesa huyo, vaa tukuone! Wamemvisha. Limemkaa mabegani kama alizaliwa nalo. Makofi, karakana nzima. Msimamizi kasimama juu ya kiti. Mpiga pasi kamwuliza, haya, nitaishi miaka mingapi? Kajibu, shangazi, wewe utatuzika sote. Wakaangua kicheko. Yeye kacheka kwa mdomo tu. Macho kwangu.

Kisha kwa sauti ndogo: mama, tutoke nje kidogo.

Nikasema ngoja nilete pini, pindo limeshuka. Halijashuka.

Nimo stoo ya vitambaa, naandika nimesimama. Pini ninazo hapa kifuani. Nje wanampanga wapige naye picha, anawaambia basi jamani, basi, nalivua. Hawamsikii. Mimi ndiye niliyewafundisha kutomsikia.

Anaita. Mama? Mara ya pili hii. Sauti imekatika katikati.

Nikitoka nisianze mimi kuongea. Aseme yeye mpaka mwisho. Nisimwambie mashine, nisimwambie Profesa. Yuko mlangoni, naona kivuli chake chini ya mlango — jamani, nisianze mimi