Sebuleni kwa Shangazi Moza

Jumamosi, 6 Septemba
Tanga sokoni kama kawaida. Nyuzi, zipu, bitana. Joto baya. Nilipomaliza nikapita mtaa wa zamani kumwamkia shangazi Moza, dada yake baba. Nusura nisiutambue mtaa. Binamu Nasoro, mwanawe, kaipaka nyumba yao manjano, milango buluu. Majirani nao wamefuata: pinki, kijani. Wageni wanapiga picha hata kanga zilizoanikwa. Nasoro anawauzia kahawa na hadithi: hapa Mwarabu, Mhindi na Mdigo wamekula sinia moja toka enzi. Nikamuuliza mama yake yuko wapi. Kalala, akasema. Sikuingia. Kaimati zake zimekaangwa kwa mafuta yaliyochacha. Tumbo limenivuruga hadi nyumbani Muheza.

Jumatano, 10 Septemba
Bi Mwanasha kanipigia simu. Jirani wa shangazi, ukuta kwa ukuta, Mdigo. "Njoo umwangalie shangaziyo. Mie naona haya kusema." Akakata. Nimeshona ovyo kutwa nzima. Kola nimeibandika kinyume.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekwenda. Bi Mwanasha kanipitisha uani kwake. Shangazi yumo stoo, ubavuni mwa choo. Sebule yake ndiyo wanayoonyeshwa wageni. Ana kidonda cha sukari mguuni, kimeoza. Harufu ilinipiga, nikatapika mlangoni. Nikaona aibu. Nikaingia tena.

Chakula anapelekewa na Bi Mwanasha. Nasoro nilimkuta barazani anachambua karafuu za kahawa. "Harufu inafukuza wageni," akaniambia, macho makavu. Damu yangu huyu. Nilitaka kumtemea mate.

Shangazi kanishika mkono. "Usimwaibishe mwanangu, Salma."

Nimeoga mara mbili. Bado naisikia.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimekodi teksi. Nasoro alikuwa sebuleni na wageni, anawaambia mama yake yuko Maskati kwa nduguze, anakula raha. Nilimsikia kwa masikio yangu, niko uani.

Tukamkalisha shangazi kwenye kiti cha plastiki, mimi na Bi Mwanasha, tukambeba. Bi Mwanasha akaelekea mlango wa nyuma. Nikakataa. Tukapita sebuleni.

Wageni wakaziba pua. Mama mmoja akashusha simu yake polepole. Shangazi akajitanda vizuri, akawatazama. "Karibuni, wanangu. Hamjapewa hata maji?"

Nasoro aliangalia ukuta.

Hospitali wamemlaza. Daktari kauliza mgonjwa alikuwa anaishi na nani. Nimeshindwa kulitamka jina.

Jumapili, 28 Septemba
Shangazi yuko kwangu. Vidole viwili vimekatwa, mguu umebaki. Mvua ndogo tangu alfajiri. Nimemsafisha kidonda, nimemfunga bendeji mpya. Akaniomba simu ampigie Nasoro. Nikadhani atamgombeza.

Kamuuliza kama amekula.

Kidonda nimekizoea; hili likanitia kinyaa. Nikachukua beseni, nikaenda kumwaga maji.