Banda la Mahameli

Nyumbani, ghorofani juu ya karakana,
Ijumaa, 9 Mei.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote niambie mgongo wako unaendeleaje. Natumaini yale maumivu yamepungua, na kwamba wifi amefaulu kukulaza mapema, jambo lililomshinda hata Mama, Mungu amrehemu. Watoto je? Yule mdogo ameshaota meno, au bado anatafuna vidole vyenu?

Sisi huku hatujambo. Neno hilo leo nimeliandika kwa moyo mweupe, maana katika barua zangu zilizopita nililiandika kwa mazoea tu.

Usininunie kwa kuchelewa kukujibu. Uliniomba nikwambie ukweli kuhusu Baba, kama uvunje mkataba wako wa kazi urudi sasa hivi, au usubiri likizo. Nilishika kalamu nikaiweka, nikaishika tena nikaiweka. Niseme njoo, uiache kazi uliyoihangaikia hivyo? Niseme subiri, halafu liwe la kuwa, tubaki tukilaumiana maisha yetu yote? Sasa jibu ninalo, ila inabidi nianze na sungura. Usicheke, soma.

Unajua hali aliyotoka nayo Baba hospitalini baada ya kile kiharusi. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, mkono wa kulia ukagoma. Ule mpira wa kuminya aliopewa afanyie mazoezi alimpa mjukuu wake akachezee. Akawa analala asubuhi, analala mchana, uso ukutani. Jambo ambalo sikukuandikia ni kwamba siku moja aliniita akaniambia nyundo yake nimpe fundi yeyote ninayemwamini, maana yeye na makochi wameachana. Nikaitikia, nikaenda kuificha kwenye droo ya nyuzi. Tangu hapo kila nilipopanda ngazi na uji wake nilikuwa naogopa kufungua mlango.

Basi binti yangu, yule uliyempa jina la Chiriku kwa sababu hanyamazi, akapenda sungura. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anafuga sungura nyuma ya duka lake, na mtoto akitumwa chumvi anapitia huko. Kinyozi akakubali kumpa mmoja, dume jeupe lenye sikio moja jeusi, lakini kwa masharti yake. Hamtoi mnyama wake mpaka aje aione nyumba anayokwenda. Shemeji yako akamwuliza kama tulete na mahari kabisa. Akasema tulete banda kwanza.

Mimi nilikusudia kumpa kazi seremala. Chiriku hakungoja. Aliingia kwa babu yake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akaanza kuuliza: sungura analala wapi, analala chali au kifudifudi, anasikia baridi, anaota ndoto? Siku ya kwanza Baba alimwambia atoke. Siku ya pili alimjibu. Maji yakizidi unga ndiyo hayo, hata mgonjwa huchoka kulala.

Alasiri moja nilikuwa jikoni nikasikia nyundo chini. Sauti ile naijua tangu tumbo la Mama: mapigo mawili madogo, moja kubwa. Nikashuka taratibu. Kaka, Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kasha la mbao amelibana kwa magoti, nyundo ameishika kwa mkono wa kushoto. Unaikumbuka ile yenye sumaku kichwani, tuliyokuwa tukiiiba kuokotea sindano? Msumari unanata wenyewe kwenye nyundo, hauhitaji mkono wa pili wa kuushikilia. Chiriku ndiye aliyeitoa kwenye droo yangu, na sijui alijuaje. Nilirudi nikakaa katikati ya ngazi nikalia, na sikutaka wanione.

Ukweli ni kwamba alikuwa amerudi kazini. Alinituma mbao, alinituma sponji, akachagua ile mahameli nyekundu iliyobaki tulipovika viti vya mwanasheria mmoja. Nikamshonea kitambaa, akakigeuza, akakichungulia, akaniambia mshono wangu umepinda na kwamba hakunifundisha hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kunigombeza tangu augue. Nilifurahi nikaufumua mshono wote bila kubisha, wakati unajua mimi kubisha ndiyo chakula changu.

Lile banda lilipokwisha lilikuwa kochi, Kaka. Sakafu ina sponji ya unene wa kiganja, kuta zina mahameli, mgongoni kuna vifungo vilivyopangwa kama vya kiti cha bwana harusi. Tulilizunguka tukilisifu. Katika nyumba nzima ya mafundi makochi hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama sungura anataka kukaa au anataka kula.

Kinyozi alikuja kukagua, nywele zake mwenyewe zimesimama huku na huku kama kawaida yake, kinyozi hajinyoi. Akaliona banda, akamsifu sana Baba, akashika vifungo kimoja kimoja. Kisha akaniomba nimsindikize. Tulipofika nje akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, lile banda hata mimi nalala. Lakini sungura anatafuna kila anachokiona. Ataanza na vifungo, atamaliza na sponji. Na sponji ikishamkaa tumboni, ndiyo basi tena, hapo huna sungura."

Akanieleza anachotaka: mbao tupu, wavu mbele hewa ipite, nyasi kavu za kulalia, na mahali pa kujificha penye kivuli. Nilimwomba asimwambie mtu, nikabaki nimesimama kizingitini kama niliyesahau nilichofuata.

Nilikuwa na hofu kweli kweli. Kazi ya kwanza ya mkono wake wa kushoto, halafu niende nikamwambie haifai? Nilimwona tayari amegeuza uso ukutani. Nikafikiria kumdanganya kwamba kinyozi ameghairi. Nikafikiria kununua banda jingine kimya kimya na kusingizia lile letu ni la sikukuu. Shemeji yako alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie. Yule ni fundi, si yai."

Nikamwambia wakati wa chai, nikiangalia kikombe. Baba alikoroga chai yake. Aliikoroga mpaka Chiriku naye akaacha kuuliza, na hilo hujawahi kuliona. Kisha akauliza:

"Yaani anakula sponji?"

"Anakula, Baba."

"Na vifungo?"

"Anaanza navyo."

Akatikisa kichwa. "Maisha yangu yote nimeshonea watu wanaokalia kochi. Huyu ni mteja wa kwanza anayelila."

Akacheka. Mdomo bado unapanda upande mmoja tu, lakini alicheka mpaka chai ikamwagika, na mimi nikacheka huku machozi yakinitoka. Alipofuta macho akaniambia nimletee koleo. Nikamwambia hilo tutalifumua sisi, yeye apumzike. Akanikatalia. Alisema kuvua kochi la zamani ndiyo kazi ya kwanza anayopewa mwanafunzi, na mkono huu wa kushoto ni mwanafunzi, uanzie wanapoanzia wenzake. Akang'oa msumari mmoja mmoja, akiutupa kwenye kopo. Ulipomshinda msumari aliutukana kidogo, akaurudia.

Sasa banda ni mbao tupu zilizopigwa msasa, na mlango wa wavu. Kinyozi amekuja mara ya pili, akaingiza kichwa ndani, akaridhika. Sungura tutamleta kesho asubuhi. Shemeji yako amezipandisha nyaya zote za umeme juu ya meza, mimi nimeficha nyuzi na mabaki ya vitambaa kabatini, na nyasi kavu zimejaa gunia chini ya ngazi mpaka karakana inanukia kama zizi. Jina la mnyama limeshatolewa na Baba. Ataitwa Mteja. Chiriku alitaka jina lenye heshima zaidi, akaambiwa kwa fundi hakuna lenye heshima kuliko hilo.

Lakini hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Ile sponji na mahameli vilibaki mezani, na Chiriku akauliza vitakwenda wapi. Baba akaliangalia kochi letu la sebuleni. Unalijua lilivyo, wateja tuliwapokea chini karakanani wasije wakaliona. Tangu Jumatatu anashuka na kupanda analishughulikia, mimi nikimvutia kitambaa, yeye akipiga. Upande wa kulia umekwisha, mwekundu, unang'aa, Shangazi alipokuja kutuona alikataa kuukalia. Jana tulifika upande wa kushoto. Nikaondoa kile kitambaa cha kufuma kinachoficha mahali ulipopachana utotoni, siku ulipojaribu mkasi mpya wa Baba. Nilipotaka kuvuta ngozi ya zamani, Baba aliushika mkono wangu.

"Hapo pasiguswe," akasema. "Aliyepachana atakuja kupashona mwenyewe. Na ajifunze. Mikono yake miwili na huu wangu mmoja, itatosha."

Akachukua ile sindano yake iliyopinda, akaitia uzi kwa meno, akaichomeka pembeni ya mpasuko. Imebaki hapo. Hataki mtu aitoe.

Jibu lako ndilo hilo, Kaka. Usivunje mkataba. Mzee aliyekuwa anagawa nyundo yake sasa anakuwekea kazi. Njoo wakati wa likizo, uje bila haraka na bila nguo nyeusi kwenye begi, uwalete na watoto wamwone Mteja. Jana usiku nililala fofofo mpaka shemeji yako akaniamsha kwa wasiwasi.

Baba anakusalimu na anasema ukate kucha, fundi mwenye kucha ndefu huharibu mahameli. Shemeji yako anakusalimu. Shangazi anauliza kama unakula. Chiriku anataka kujua kama huko sungura wanasema lugha nyingine. Msalimie sana wifi, mbusu yule mwenye meno na yule asiye nayo.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akufikishe mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Mimi mdogo wako nikupendaye,

Dada yako wa karakanani